Moto wa Malungu: Hesabu ya Joto katika Chuma cha Ufipa

Moto ni mwalimu wa kale, na somo lake la kwanza ni kwamba hakuna kitu kitolewacho bure. Atakaye mwanga hulipa mafuta. Atakaye chakula hulipa kuni. Na atakaye chuma hulipa msitu. Mwanafunzi wa kemia hukutana na somo hilo darasani kwa jina la mabadiliko ya nishati katika mimenyuko. Huambiwa kwamba vitu viwili vikikutana na kugeuka kuwa vitu vingine, ama joto hutoka au joto huliwa. Huandikiwa ubaoni alama ya kutoa na alama ya kujumlisha, kisha hupewa mifano ya tindikali na magadi, ya gesi na chupa, ambayo mingi katika hiyo hajapata kuiona nje ya kitabu. Yamkini huhitimu akiijua hesabu bila kukijua kitu kinachohesabiwa.

Kusini-magharibi mwa Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, umeinuka uwanda wa Ufipa. Mji wake mkubwa, Sumbawanga, umekaa mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Upepo wake ni wa baridi, na sehemu kubwa ya katikati ya uwanda huo ni majani matupu, miti ikiwa imejikusanya pembezoni, mabondeni na kwenye miteremko. Katika nchi hiyo Wafipa walizalisha chuma chao wenyewe kutoka katika mawe na udongo mwekundu wa kwao, na kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20 ilipokwisha kuanza. Mabaki ya matanuri yao yameonekana na watafiti katika sehemu nyingi za nchi hiyo, mengine yakiwa yamebomoka, mengine yakiwa bado yamesimama kama minara iliyosahauliwa na watu wake.

Tanuri hilo kwa Kifipa huitwa ilungu, na yakiwa mengi huitwa malungu. Habari zake zinawahusu wanafunzi wa historia na wa kemia pamoja, kwa kuwa ndani yake mabadiliko ya nishati hayakuwa sura ya kitabu. Yalikuwa jembe au kukosa jembe. Fundi aliyekosea hesabu ya joto hakupunguziwa alama katika mtihani. Alipoteza makaa ya siku nyingi, jasho la jamaa zake na heshima yake mbele ya wateja.

Ilungu lilijengwa kwa udongo, hasa ule wa kichuguu ambao mchwa wameusaga na kuushikamanisha. Umbo lake lilikuwa la pia iliyokatwa ncha, pana chini na jembamba juu, na kimo chake kilikaribia mita 3, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Chini, kuzunguka kitako chake, yalitobolewa matundu, na katika matundu hayo ikapitishwa mirija ya udongo wa kuchomwa. Juu lilikuwa wazi. Makaa na mawe ya chuma yaliingizwa kwa kinywa hicho cha juu, na moto ukawashwa chini. Jambo linalomshangaza mgeni ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuvuta mivukuto. Tanuri lilijivutia hewa lenyewe, mchana na usiku, mpaka kazi ilipokwisha.

Lakini kabla ya ilungu kuwashwa palikuwa na moto mwingine uliotangulia, nao ni moto wa makaa. Mti uliokatwa una maji mengi ndani yake, na maji ni mlaji mkubwa wa joto: kilo 1 ya maji iliyokwisha kuchemka hutaka kilojuli 2,260 hivi ili igeuke yote kuwa mvuke. Kwa hiyo saa za kwanza za kuchoma makaa ni saa za kulipa. Mchomaji hutoa joto wala haoni faida ila moshi mweupe. Kuni zikisha kukauka, na joto likapita kadiri ya nyuzi 280 za sentigredi, mambo hugeuka. Mti huanza kuvunjika wenyewe kwa ndani na kutoa joto lake, na kazi ya mchomaji huwa ni kuuzuia moto kwa udongo na majani usije ukala kila kitu. Yanayobaki ni makaa, ambayo kilo yake 1 hutoa kilojuli 30,000 hivi, hali kilo 1 ya kuni kavu hutoa 18,000 hivi. Faida hiyo nayo imelipiwa: kilo kadhaa za kuni zilikwenda ili ipatikane kilo 1 ya makaa, na zilizopotea zilikwenda na moshi. Fundi wa Ufipa alikubali hasara hiyo, maana kuni mbichi zisingeweza kumpa ukali wa moto alioutaka, na moshi wa maji ungelipoza tanuri lake.

Sasa na litazamwe ilungu lenyewe likiwa limewaka. Ndani yake zilifanyika kazi tatu kwa wakati mmoja, na kila kazi ilikuwa na hesabu yake ya joto. Hapa lugha ya Kiswahili ina bahati, kwa kuwa neno kutoa ni la ukarimu na ni la hesabu pia: mmenyuko unaotoa joto huandikwa na wanakemia kwa alama ya kutoa, na ule unaokula joto huandikwa kwa alama ya kujumlisha, kana kwamba vitu vyenyewe vina mfuko, na hesabu ni ya kilichotoka na kilichoingia mfukoni.

Kazi ya kwanza ilikuwa mbele ya mirija, chini. Hewa mpya iliingia na kuyakuta makaa mekundu. Kaboni ya makaa ilishikana na oksijeni ya hewa ikawa dioksidi ya kaboni, na kwa kila moli ya kaboni, yaani gramu 12, kilitoka joto la kilojuli 394. Huu ndio mmenyuko mkarimu uliowalisha wenziwe wote. Bila huo ilungu lingekuwa mnara wa udongo na mawe baridi.

Kazi ya pili ilikuwa juu kidogo ya hapo, nayo ilikuwa ya kula. Dioksidi ya kaboni ilipopanda kati ya makaa yenye joto kali ilikutana na kaboni nyingine, na vyote viwili vikawa monoksidi ya kaboni. Badiliko hilo hula kilojuli 173. Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini tanuri limpe nafasi mlaji kama huyo, ambaye hupunguza joto lililopatikana kwa shida. Jibu ni kwamba monoksidi ya kaboni ndiye mtumishi mwenyewe aliyetafutwa. Ni gesi yenye njaa ya oksijeni, na njaa yake ndiyo inayofanya kazi ya tatu.

Kazi ya tatu ilikuwa ya kuutoa mwamba katika kifungo chake. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na mshikamano huo ni wa nguvu. Kuitenga moli 1 ya oksidi nyekundu ya chuma, gramu 160 hivi, ili oksijeni iende upande wake na chuma upande wake, hutaka kilojuli 824. Moto peke yake, kwa ukali uliopatikana katika tanuri la udongo, hauwezi kuvunja kifungo hicho. Lakini monoksidi ya kaboni inapoichukua oksijeni hiyo na kuwa dioksidi, hutoa kilojuli 283 kwa kila moli, na moli 3 zinazotakiwa hutoa 849. Basi deni la 824 hulipwa na mapato ya 849, na kilojuli 25 hubaki. Mmenyuko ulioonekana kuwa hauwezekani huwa na faida ndogo.

Hesabu ya namna hii ya kulipa deni la mmenyuko mmoja kwa mapato ya mwingine ndiyo iliyothibitishwa na Germain Hess, mwanakemia aliyefanya kazi St. Petersburg, katika mwaka 1840. Alionyesha kwamba jumla ya joto la mmenyuko ni ile ile, vitu vikipita njia moja ya mkato au vikipita njia nyingi za kuzunguka. Kabla yake, katika miaka ya 1780, Lavoisier na Laplace huko Ufaransa walikuwa wamepima joto la vitu kwa kuangalia kiasi cha barafu kilichoyeyuka. Ufipa hakukuwa na barafu ya kupimia wala karatasi ya kuandikia. Hata hivyo kanuni ile ile ilifanya kazi katika Ufipa kama ilivyofanya katika Urusi, maana kanuni ya maumbile haingoji kuandikwa ndipo itawale.

Fundi aliijuaje basi, kama hakuiandika? Aliijua kwa vipimo vyake: kwa kadiri za makaa na mawe, kwa rangi ya moto uliochungulia katika matundu, kwa sauti ya tanuri lilipovuta pumzi, na kwa mavi ya chuma yalivyochuruzika. Vipimo hivyo haviandikiki kwa urahisi, na hilo lilikuja kuwa msiba wake, kama itakavyoonekana mbele.

Kuna neno la Kiswahili ambalo linaweza kumpoteza msomaji. Watu husema kuyeyusha chuma wanapotaja kazi ya matanuri. Katika ilungu chuma hakikuyeyuka. Chuma safi huyeyuka katika nyuzi 1,538, na tanuri la namna hiyo hupata nyuzi 1,200 au zaidi kidogo. Kilichoyeyuka ni takataka. Mchanga ulio katika mawe ulishikana na sehemu ya oksidi ya chuma ukafanya kitu kinachoyeyuka karibu na nyuzi 1,200, nacho kikachuruzika chini kikakauka kuwa mavi ya chuma, meusi na mazito. Chuma chenyewe kilibaki kikiwa kigumu, punje kwa punje, kikajishikiza kuwa bonge lenye matundu kama sifongo, lililochanganyika na makaa na takataka zilizosalia.

Fundi alikuwa katika njia nyembamba kati ya mashimo mawili. Joto likiwa dogo, takataka hazichuruziki na chuma hunaswa ndani yake. Joto likizidi pamoja na monoksidi nyingi, chuma hunywa kaboni mpaka kikawa cha kuvunjika, kisichokubali nyundo, kisichofaa jembe. Tena katika mavi hayo chuma kingi kilipotea kwa lazima, kwa maana bila oksidi ya chuma mchanga usingeyeyuka kwa joto lile. Sehemu ya mavuno ilitolewa ili sehemu nyingine iokoke.

Sasa yafaa kurudi kwenye ajabu ya mivukuto. Mahali pengi Afrika ya Mashariki tanuri lilivutiwa hewa kwa mikono. Wahaya wa Bukoba walikuwa na matanuri mafupi yaliyozungukwa na wavuta mivukuto, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ya Wahaya iliingia ndani sana ya tanuri, hata hewa ikapata joto kabla ya kuyafikia makaa, na kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwako huko tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine walipinga kwamba hewa ilipata joto la kutosha katika mirija hiyo, na mjadala ukaendelea kwa miaka mingi. Lakini swali lililojadiliwa ni lile lile la Ufipa: joto lipatikane wapi, na nani alilipe?

Wafipa walilijibu kwa kimo. Hewa iliyopata moto huwa nyepesi na hupanda; mnara ukiwa mrefu, nguzo ya hewa nyepesi huwa ndefu, na hewa nzito ya nje hujisukuma katika mirija ya chini ili kuijaza nafasi. Sehemu ndogo ya joto la makaa hufanya kazi ya mikono ya watu. Katika uwanda wa Ufipa hewa yenyewe ni nyembamba. Pumzi moja ina oksijeni pungufu kuliko pumzi ya pwani kwa kadiri ya moja ya sita hadi moja ya tano. Tanuri la huko lilipaswa kupitisha hewa nyingi zaidi ili lichome makaa yale yale, na mnara uliifanya kazi hiyo bila kuchoka wala kulala.

Je, Wafipa walipata kazi hiyo bure? La. Tanuri la kujivutia hewa huvuta polepole. Huchukua muda mrefu, na katika muda huo kuta zake hunywa joto na kinywa chake hutema joto angani. Kanuni ya kemia yasema kwamba kwa kilo 1 ya chuma, gramu 320 za kaboni zatosha kuondoa oksijeni yote, ikiwa kila chembe ya kaboni itaondoka na chembe moja ya oksijeni. Matanuri ya udongo ya namna hii, popote duniani, yalikula mara nyingi zaidi ya hapo, na yasiyo na mivukuto ndiyo yaliyokuwa na njaa kubwa. Mfipa aliokoa jasho akalipa makaa. Ni biashara yenye akili pale ambapo watu ni wachache na miti ni mingi, na huwa biashara ngumu miti inapokwenda mbali. Hapa historia ya chuma hukutana na historia ya nchi, na ndiyo maana swali la kadiri ya mchango wa matanuri katika kuufanya uwanda ule kuwa wa majani ni swali la haki, ingawa moto wa nyika na kilimo vina sehemu yao.

Tena bonge lililotoka katika ilungu halikuwa tayari kwa nyundo. Lilivunjwa, likachaguliwa, na vipande vyake vikapelekwa katika tanuri la pili, dogo, lililoitwa kintengwe, ambalo kimo chake hakikufika kiuno cha mtu. Hapa mivukuto ilirudi. Moto wa kintengwe ulikuwa mfupi na mkali, ukaziyeyusha takataka zilizosalia na kuzishikiza punje za chuma, na kile kilichotoka ndicho alichokipokea mhunzi akakifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Basi kazi iligawanywa kwa busara. Kazi ndefu ya kuondoa oksijeni, inayotaka siku nyingi na watu wachache, ilipewa mnara usiochoka. Kazi fupi ya kusafisha, inayotaka ukali na uangalifu, ilipewa mikono. Mwanafunzi akitaka kujua tofauti ya wingi wa joto na ukali wa joto, atazame ilungu na kintengwe. La kwanza lilitumia joto jingi kwa muda mrefu. La pili lilikusanya joto dogo mahali padogo.

Kazi hii ilizungukwa na ibada. Wote walioiandika wameitaja habari hiyo: padri Wyckaert katika jarida la Anthropos mwaka 1914, Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958 katika Tanganyika Notes and Records, Wembah-Rashid mwaka 1969, na baada yao Roy Willis, Randi Barndon na Bertram Mapunda. Ilungu lilihesabiwa kuwa bibi arusi. Lilipambwa na kuimbiwa, dawa ziliwekwa chini yake, na mafundi walijizuia na wake zao muda wote wa kazi, kwa kuwa katika muda huo walikuwa waume wa tanuri, na chuma kilikuwa mtoto atakayezaliwa.

Wako waliozisoma habari hizo wakacheka, wakasema kwamba mafundi hawakujua wafanyalo, na chuma kikatokea kwa bahati. Wako wengine waliozisoma wakaikuza ibada mpaka wakaisahau kazi. Wote wawili wamekosea mahali pamoja, maana wamedhani kwamba mtu hawezi kuwa na ibada na kipimo kwa wakati mmoja. Mawe hayageuki chuma kwa wimbo, na fundi alijua hivyo, ndiyo sababu alichagua mawe yake kwa makini. Lakini wimbo hupima muda, mwiko huwakusanya watu kazini bila kutawanyika, na mfano wa mimba humfundisha kijana mambo matatu ambayo kemia nayo huyafundisha: kwamba kitu kipya hutokea kwa kukutana kwa viwili, kwamba kinahitaji kulindwa katika joto kwa muda wake, na kwamba akifunguaye kabla ya wakati hupata kitu kilichokufa. Mfano huo hausemi ni kilojuli ngapi. Husema lini, kwa nani, na kwa subira gani, na mafundi wakauchukua kama kitabu chao.

Kitabu hicho kilifungwa kwa haraka. Katika utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza majembe ya viwandani yaliingia nchini kwa wingi. Katika matanuri ya Ulaya makaa ya mawe yalichukua nafasi ya msitu, na hewa iliyopashwa moto ikasukumwa na mashine. Chuma kikayeyuka kweli, kikamiminwa kama maji, na bei yake ikashuka. Jembe la Ufipa halikushindwa kwa ubora. Lilishindwa katika hesabu ya joto: nyuma ya jembe la kigeni palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, na nyuma ya jembe la Mfipa palikuwa na mti uliopaswa kukatwa, kukaushwa na kuchomwa kwa mikono. Pamoja na hayo misheni ziliitazama ibada ya tanuri kwa shaka, na makala ya Wyckaert yenyewe yamewagawa wafua chuma, kwa jina lake tu, kuwa wapagani na Wakristo. Kijana aliyebatizwa alipaswa kuchagua, na mara nyingi aliyeiacha ibada aliiacha na kazi.

Watafiti walipokuja baadaye na kuwaomba wazee wawashe malungu ili waone, wazee walifanya hivyo kwa kumbukumbu. Kinachohifadhiwa kwa namna hiyo ni kingi na si chote. Mawe aweza mtu kuyapima na mavi ya chuma aweza kuyachunguza, lakini jicho lililojua rangi ya moto wa saa ya haki halikuachwa katika jumba la makumbusho. Elimu iliyokaa mikononi hufa mikono ikifa, isipopata mikono mingine ya kuipokea.

Hapo ndipo penye haja ya shule. Katika shule za sekondari za Tanzania kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Sumbawanga hujifunza kuondoa oksijeni katika chuma kwa mchoro wa tanuri la Ulaya. Mchoro huo ni wa kweli, na kujifunza habari za tanuri hilo ni halali yake. Lakini mimenyuko iliyochorwa humo ndiyo iliyofanywa na wakubwa wake katika ilungu. Akionyeshwa ilungu kwanza, atakuta kwamba maswali ya somo yalikuwako kwao kabla ya majibu ya kitabu: kwa nini makaa wala si kuni, kwa nini mnara mrefu, kwa nini mavi ya chuma ni mazito, kwa nini matanuri mawili.

Na hesabu ya jembe haikuishia kwa mhunzi. Katika uwanda wenye miti michache, Wafipa walilima kwa matuta yaitwayo intumba: mwezi wa majani mabichi waliyakata kwa jembe, wakayafunika kwa udongo, wakayaacha yaoze, kisha wakapanda. Wabemba, walio upande wa Zambia ya leo, walikata matawi ya miti wakayachoma ili majivu yalishe ulezi. Majani yaozayo na matawi yaunguayo ni mmenyuko wa jamii moja: kaboni ya mmea hurudiana na oksijeni na joto hutoka. Tofauti ni ya kasi. Moto huutoa mkopo wote kwa siku moja, na udongo huutoa kwa miezi, kwa joto dogo ambalo mkono ukitiwa ndani ya tuta waweza kulisikia.

Jembe lenyewe nalo lilikuwa na deni. Kilo 1 ya chuma ilipotengwa na oksijeni ilichukua kilojuli 7,400 hivi za nishati ya makaa ikazifungia ndani yake. Chuma hakikusahau. Kila msimu wa mvua, jembe lililoachwa nje hushika kutu, na kutu ni chuma kikirudi kwa oksijeni yake, kikitoa lile joto lililokopwa katika ilungu. Hutoka polepole mno hata hakuna mkono ulioweza kulitambua. Lakini jembe la kilo 1 likiliwa lote na kutu mpaka likawa udongo mwekundu, joto lililotoka, kama lingekusanywa, lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji katika Sumbawanga, ambako kwa sababu ya kimo maji huchemka katika nyuzi 94 hivi. Hakuna kilichoongezeka wala kilichopungua tangu mti ulipokatwa. Kilichobadilika ni mahali nishati ilipokaa.

Mwanafunzi aliyeifuata safari hiyo, kutoka kwenye mti hadi kwenye makaa, kutoka kwenye makaa hadi kwenye jembe, na kutoka kwenye jembe hadi kwenye kutu, amekwisha kujifunza kanuni ya Hess kabla ya kuandikiwa namba moja ubaoni. Akiandikiwa namba hizo baadaye, atajua ni za nini.